Mti wa Uamuzi na Hesabu ya Kilicho Bora
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Busi, Wilaya ya Kondoa)



Kila mwaka mawingu yanapoanza kukusanyika, mkulima wa Busi hukabiliwa na swali lisilokuwa na jibu la hakika: ekari zake azipande nini. Nyanda hizi za kati zina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Msimu huo ukiharibika, hapana vuli ya kuutengeneza kama ilivyo kwa ndugu wa kaskazini na wa pwani. Kisha baada ya mavuno huja swali la pili, na hilo ni la chama zaidi kuliko la mtu mmoja: alizeti iliyoko ghalani iuzwe sasa au ingoje. Aghalabu maswali haya hujibiwa kwa desturi, au kwa sauti ya mwenye kusema sana mkutanini. Desturi si kitu cha kudharauliwa, maana imebeba ukame mwingi ndani yake. Lakini ipo hesabu inayoweza kuipima, na hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa kuliko ile ambayo katibu anaitumia kufunga vitabu vya mwaka.

Mkoa wa Dodoma unayo kumbukumbu ya uamuzi mkubwa uliofanywa kana kwamba mbele kulikuwa na njia moja tu. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulipendekeza kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika ya Mashariki na Kati. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalivunjika katika vichaka, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, na mvua haikuja kama ilivyoandikwa katika karatasi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Wenyeji wa Kongwa waliijua mvua yao. Jambo lililokosekana lilikuwa nafasi katika mpango ya kuandika neno hili: na isiponyesha, je?

Nafasi hiyo ndiyo kazi ya mti wa uamuzi. Huchorwa hivi. Penye jambo ambalo mwenye mali huliamua mwenyewe huwekwa mraba. Penye jambo linaloamuliwa na mvua, au na soko, au na serikali ya nchi nyingine, huwekwa duara. Kutoka katika mraba hutokeza matawi, moja kwa kila njia iliyo wazi. Kutoka katika duara hutokeza matawi, moja kwa kila tukio linaloweza kutokea, na juu ya kila tawi la namna hii huandikwa uwezekano wake, kwa mfano miaka 6 katika 10. Kwenye ncha ya kila tawi huandikwa mapato. Mti husomwa kutoka shinani kwenda matawini, kwa kuwa ndivyo siku zinavyokwenda. Lakini hesabu yake hupigwa kinyume, kutoka nchani kurudi shinani. Penye duara huchukuliwa wastani uliopimwa kwa uwezekano, na penye mraba huchukuliwa tawi lenye thamani kubwa, mengine yakakatwa.

Yafaa kuchukua mfano wa ghala. Tarakimu zote za mazungumzo haya, isipokuwa zile za historia, ni za kufundishia tu. Kila chama kitaweka zake. Chama kina magunia 400 ya alizeti mwezi Julai, na bei ya siku ni Sh. 50,000 kwa gunia. Kungoja hadi Septemba kunagharimu Sh. 2,000 kwa gunia. Septemba bei yaweza kuwa 58,000, kwa uwezekano wa 6 katika 10, au 46,000, kwa uwezekano wa 4 katika 10. Hapo kamati hukutana tena, na inaweza kuuza au kungoja hadi Desemba kwa gharama nyingine ya Sh. 2,000. Kama bei ya Septemba ilikuwa imepanda, Desemba yaweza kuwa 72,000 au 52,000, nusu kwa nusu. Kama ilikuwa imeshuka, Desemba yaweza kuwa 52,000 au 36,000, nusu kwa nusu vilevile.

Hesabu huanza Desemba. Kwenye tawi la bei iliyopanda, wastani wa 72,000 na 52,000 ni 62,000. Ukitoa gharama hubaki 60,000, ambayo inazidi 58,000 ya kuuza Septemba. Basi katika tawi hilo ni kungoja. Kwenye tawi la bei iliyoshuka, wastani ni 44,000. Ukitoa gharama hubaki 42,000, ilhali kuuza Septemba kunaleta 46,000. Basi katika tawi hilo ni kuuza, ijapokuwa moyo unauma. Sasa Julai: sehemu 6 katika 10 za 60,000 ni 36,000, na sehemu 4 katika 10 za 46,000 ni 18,400, jumla 54,400, toa 2,000, hubaki 52,400. Kungoja kunazidi kuuza kwa Sh. 2,400 kwa gunia.

Inapasa kutazamwa vizuri ni kungoja kwa namna gani kunakoleta faida hiyo. Chama kinachofunga mlango wa ghala Julai na kuapa kutoufungua hadi Desemba, liwalo na liwe, kina wastani wa Sh. 50,800 tu kwa gunia. Tofauti ya Sh. 1,600 ni thamani ya mkutano wa Septemba, yaani thamani ya kamati kuwa tayari kubadili njia habari zinapobadilika. Wapo wanachama wanaoona kamati inayogeuza uamuzi kuwa ni kamati dhaifu. Katika mti huu, kamati isiyogeuza ndiyo inayowapotezea fedha.

Mpaka hapo penseli inatosha. Lakini mti huohuo unaweza kuandikwa kwa namna nyingine, nayo ndiyo inayofungua mlango wa hesabu kubwa. Thamani ya shina iitwe A, ya Septemba yenye bei nzuri iitwe B, na ya Septemba yenye bei mbaya iitwe C. Huandikwa masharti haya: B isiwe chini ya 58,000, wala isiwe chini ya 60,000. C isiwe chini ya 46,000, wala isiwe chini ya 42,000. A isiwe chini ya 50,000, wala isiwe chini ya sehemu 6 katika 10 za B kujumlisha sehemu 4 katika 10 za C kutoa 2,000. Kisha huulizwa: ni zipi A, B na C ambazo jumla yake ni ndogo kabisa na bado zinatimiza masharti yote? Jibu ni B 60,000, C 46,000, A 52,400, yaani yaleyale.

Mtu atashangaa kwamba kinachotafutwa ni kikubwa lakini hesabu inatafuta kidogo. Na afikiri ujenzi wa tembe. Nguzo za chumba zikiwa na urefu mbalimbali, na mti mmoja wa dari ukishushwa polepole na kulazwa sawasawa, utatua juu ya nguzo iliyo ndefu kuliko zote na hautashuka zaidi. Kila sharti ni nguzo. Kushusha thamani hadi inapokataa kushuka ni njia moja ya kuitafuta nguzo ndefu, na nguzo iliyogusa mti ndiyo njia inayofaa kufuatwa. Zile zisizogusa ni matawi ya kukatwa.

Hesabu ya namna hii, ambayo masharti yake yote ni ya kujumlisha na kuzidisha kwa tarakimu za kawaida tu, huitwa programu mstari. Leonid Kantorovich wa Leningrad aliitangaza mwaka 1939, baada ya wenye viwanda vya mbao kumletea tatizo la kugawa kazi kati ya mashine zao. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani alibuni njia ya kuitatua iitwayo simpleksi, na mwaka 1955 akaandika jinsi ya kuitumia pale ambapo yatakayotokea hayajulikani. Mwaka 1960 Alan Manne alionyesha jinsi maamuzi yanayofuatana, moja baada ya jingine, yanavyoweza kugeuzwa kuwa programu mstari. Kantorovich alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975 pamoja na Tjalling Koopmans. Yatosha kuhusu historia.

Sasa, ikiwa penseli inatoa jibu lilelile, ni ya nini taabu hii? Sababu moja ni ukubwa. Mkulima mwenye njia 3 za kuchagua na hali 3 za mvua katika hatua 4 za msimu, yaani kutayarisha, kupanda, kupalilia na kuvuna, ana mti wenye ncha 6,561. Hakuna daftari litakaloutosha, lakini kompyuta ya kawaida yenye programu ya majedwali huumaliza katika muda wa kunywa chai. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Penseli inayorudi kutoka nchani hutazama kila tawi peke yake. Haiwezi kushika sharti linalofunga matawi pamoja, na maisha ya mkulima yamejaa masharti ya namna hiyo.

Chama cha magunia 400 kina deni la pembejeo na malipo ya wanachama, jumla Sh. 12,000,000, na fedha hizo zatakiwa Julai. Mti ulisema: ngojeni. Sharti la fedha lasema: uzeni magunia 240. Programu mstari hupatanisha. Magunia 240 yauzwe, 160 yangoje, na faida ya kungoja ni Sh. 384,000 badala ya 960,000. Hapo ndipo unapoonekana uzito wa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Ikiwa benki itakopesha asilimia 60 ya thamani ya gunia lililowekwa katika ghala lenye leseni, yaani Sh. 30,000, basi magunia 400 yatazaa mkopo wa Sh. 12,000,000 bila gunia hata moja kuuzwa. Sharti limelegezwa. Lakini je, lifuatwe?

Hilo linategemea riba, na hesabu inaweza kusema riba gani. Kila gunia katika yale 240 likiachwa bila kuuzwa huacha pengo la Sh. 50,000 ambalo mkopo hulijaza. Mkopo hukaa miezi 2 kwa hakika, na miezi 3 zaidi kwa uwezekano wa 6 katika 10. Kwa wastani miezi 3.8. Riba ikiwa asilimia 1 kwa mwezi, gharama ni Sh. 1,900 kwa gunia, na katika ile 2,400 hubaki 500. Kwa magunia 240 ni Sh. 120,000, na faida yote ya chama hupanda kutoka 384,000 hadi 504,000. Si utajiri, lakini ni faida. Riba ikizidi kama asilimia moja na robo kwa mwezi, faida hiyo imekwisha, na chama kinaingoja bei ya Desemba kwa manufaa ya benki. Kwa asilimia 2 ni hasara tupu. Katibu anayekwenda kuomba mkopo akiwa na tarakimu hiyo moja mfukoni anajua pa kusimama na pa kuondokea.

Jambo la shamba ni zito kuliko la ghala, kwa sababu hapo kinachohesabiwa ni chakula. Ichukuliwe kaya ya watu wanane yenye ekari 6, na mazao mawili tu ili hesabu iwe fupi: mahindi na mtama. Mwaka mwema ekari ya mahindi hutoa magunia 8. Mwaka mbaya hutoa gunia 1. Ekari ya mtama hutoa magunia 5 mwaka mwema, na 3 mwaka mbaya. Miaka myema ni 6 katika 10. Gunia la nafaka yoyote ni Sh. 60,000. Kaya inahitaji magunia 12 kwa mwaka ili ile.

Mti wa kawaida hutoa jibu mara moja. Wastani wa mahindi ni magunia 5.2 kwa ekari, Sh. 312,000, wastani wa mtama ni magunia 4.2, Sh. 252,000. Basi ekari zote 6 ziwe mahindi, na wastani wa mwaka ni Sh. 1,872,000. Ndivyo wanavyoshauri wengi wanaopita barabarani na magari. Lakini wastani hauliwi. Mwaka mbaya kaya hii ina magunia 6, ambayo ni nusu ya chakula chake, na jirani zake wote wana hali ileile.

Katika programu mstari huongezwa sharti moja: katika kila tawi, liwe la neema au la ukame, magunia yasipungue 12. Mwaka mwema sharti hili halibani. Mwaka mbaya, ekari za mahindi zikizidishwa kwa 1 na za mtama kwa 3, jumla haipaswi kuwa chini ya 12. Kwa ekari 6, maana yake ni kwamba mahindi yasizidi ekari 3. Jibu: ekari 3 za mahindi na 3 za mtama. Mwaka mwema magunia 39, mwaka mbaya magunia 12 kamili, na wastani Sh. 1,692,000. Kwenye karatasi ya miraba jibu hili linaonekana kama pembe, mahali ambapo mstari wa ardhi unakata mstari wa chakula. Na simpleksi si kitu kingine ila ni kutembea kutoka pembe moja hadi nyingine hadi pasiwe na pembe bora zaidi.

Usalama huo umegharimu Sh. 180,000 kwa mwaka. Ni ghali au rahisi? Katika miaka 10 ni Sh. 1,800,000. Katika miaka hiyo 10 mkulima wa mahindi matupu atakuwa amepungukiwa magunia 6 mara 4, yaani magunia 24. Gawanya: Sh. 75,000 kwa gunia juu ya bei ya kawaida. Kwa hiyo bei ya gunia mwaka wa njaa ikizidi Sh. 135,000, mchanganyiko wa mahindi na mtama ndio wenye faida hata kwa fedha peke yake. Ikiwa chini ya hapo, mahindi matupu yangeshinda, kwa mtu ambaye fedha za miaka myema amezitunza zote hadi siku ile. Wanachama wenyewe watasema ni kaya ngapi zilizo hivyo, na mbuzi huuzwa kwa bei gani mwaka ambao kila mtu anauza mbuzi.

Programu mstari hutoa pia tarakimu moja ambayo haikuombwa, nayo ina manufaa kwa chama kuliko jibu lenyewe. Huitwa bei ya kivuli. Mahitaji ya kaya yakipanda kutoka magunia 12 hadi 13, nusu ekari lazima ihame kutoka mahindi kwenda mtama, na wastani unapungua kwa Sh. 30,000. Hiyo ndiyo bei ambayo shamba hulipa kila mwaka kwa ajili ya kila gunia la uhakika. Basi ikiwa chama kinaweza kuweka gunia la akiba ghalani, na kumpatia mwanachama mwaka wa ukame kwa bei ya kawaida, na gharama zote za kulitunza, yaani mfuko, dawa, upungufu na riba, ni chini ya Sh. 30,000 kwa mwaka, ghala linatoa usalama kwa gharama ndogo kuliko shamba. Ikizidi, usalama na ubaki shambani. Gharama hiyo haipaswi kukisiwa. Tangu dumuzi aonekane Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea nchini, gunia la mahindi lililowekwa bila dawa au bila mfuko usiopitisha hewa si akiba, ni lishe ya mdudu.

Kuna sharti jingine ambalo vitabu vya kigeni hulisahau, nalo ni ndege. Mtama hauliwi na binadamu peke yake. Kwelea-kwelea wakishuka, shamba lisilokuwa na mtu dunguni humalizika, na watoto waliokuwa wakiamia ndege zamani sasa wako shuleni, kama inavyopasa. Ipo mitama myekundu yenye ukakasi ambayo ndege huiogopa kidogo, lakini walaji nao huiogopa. Iwapo kaya yetu ya mfano ina mikono ya kulinda ekari 2 tu za mtama, hesabu hubadilika: ekari 2 za mtama na 4 za mahindi hutoa magunia 10 mwaka mbaya, na hakuna mpangilio mwingine wa ekari hizo 6 unaozidi hapo. Kompyuta itaandika kwamba hakuna jibu linalotimiza masharti yote. Wanafunzi hudhani wamekosea. Hawakukosea, wameambiwa kwamba kaya hiyo haiwezi kujiokoa yenyewe, na kwamba imepungukiwa magunia 2. Chama chenye kaya 50 za namna hiyo kinajua, kabla mvua haijaanza, kwamba kinatakiwa kuwa na magunia 100.

Ubishi mkubwa katika mikutano huwa juu ya uwezekano: mmoja asema miaka myema ni 6 katika 10, mwingine asema ni 5, siku hizi hali imebadilika. Hesabu yaweza kupunguza ubishi huo. Mahindi hushinda mtama kwa wastani maadamu miaka myema inazidi 4 katika 10. Kati ya 5 na 6 hakuna uamuzi unaobadilika, na hao wawili wanabishana bure. Tena lile sharti la magunia 12 halitazami uwezekano kabisa. Jibu la ekari 3 kwa 3 ni lilelile. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa utabiri wa msimu katika mafungu yake matatu, ya juu ya wastani, ya wastani na ya chini ya wastani, swali la katibu liwe moja: je, utabiri huu unatosha kuishusha miaka myema chini ya 4 katika 10? Ukitosha, mahindi yapungue hata chini ya ekari 3. Usipotosha, mpango ubaki.

Kosa kubwa kuliko uwezekano mbaya ni tawi lisilochorwa. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ya mbaazi katika Tanzania, Kondoa ikiwamo, ikaanguka. Wakulima waliokuwa wamepanua mashamba hawakukadiria vibaya uwezekano wa jambo hilo. Halikuwamo katika mti wao. Hakuna programu ya kompyuta itakayochora tawi ambalo hakuna aliyelitaja, na kwa hiyo mti huchorwa vizuri zaidi mkutanini, mbele ya wazee, wafanyabiashara wadogo na akina mama wanaojua kihenge kilichobaki nusu.

Hesabu hizi si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1960 Judith Heyer aliwachunguza wakulima wadogo wa Masii, Machakos, nchi kame kama hii ingawa yenye misimu miwili, na katika makala zake za 1971 na 1972 alitumia programu mstari kuuliza ni kitu gani kinachombana mkulima, ardhi au mikono ya kazi, na katika mwezi gani. Kisha akauliza lipi lipandwe pale ambapo mvua ya mwaka haijulikani. Swali la mwezi gani linafaa kuletwa Busi bila kubadilishwa. Ekari 6 za Januari, wakati wa palizi, si ekari 6 za Novemba.

Kwa mkutano utakaofanyika kabla ya mvua, kila katibu anaombwa kutoa katika daftari la mapokezi safu hizi: mwaka, magunia ya kila zao yaliyopokewa, bei ya Julai, ya Septemba na ya Desemba, na idadi ya kaya zilizoomba chakula au mkopo wa chakula mwaka ule. Miaka 10 inatosha kuanza, 20 ni bora. Mahali ambapo daftari limepotea au kuliwa na mchwa, wazee watatu waulizwe mbalimbali, si kwa pamoja, na majibu yao yaandikwe yote matatu.